Nilivyoisoma Barua ya Basi

Harufu ninayoikumbuka zaidi ya msimu ule ni ya wino wa muhuri. Ni harufu kali, kama dawa ya hospitali iliyochanganyika na kitu kilichokaa sana kwenye joto, na ilikuwa haitoki upesi. Mwalimu Barasa alikuja na pedi ya wino kutoka ofisi ya shule, akaiweka juu ya dawati lililotolewa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, na watu wa kijiji chetu cha Lopur na wa Kakuma mjini wakapanga mstari kwenda kuchovya dole gumba na kulibandika kwenye karatasi. Wakitoka pale hawakwenda moja kwa moja nyumbani. Walisimama wakakinusa kidole, wakakisugua mchangani, wakakinusa tena. Bibi yangu, ambaye tulimwita Ata kwa lugha yetu, alikataa kabisa kutoa dole la kulia. Alitoa la kushoto, na akaninong'oneza kwamba kama karatasi ile imekuja kumchukulia kitu, itakuta mkono wa kazi bado ni wake. Waliomsikia walicheka, lakini waliokuwa nyuma yake kwenye mstari nao wakaanza kutoa la kushoto.

Karatasi yenyewe haikuwa ya kuchukua kitu. Ilikuwa ya kuomba tusiondolewe basi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na siku hizo kati ya Kakuma na Lodwar kulikuwa na basi moja tu la kutegemewa, mali ya kampuni moja ya Kitale. Barabara ilikuwa lami ya zamani iliyovunjikavunjika hata ikawa mbaya kuliko mchanga, kwa hiyo dereva aliiacha na kupita pembeni yake, akitimua vumbi ambalo sisi wa Lopur tuliliona kabla hatujasikia injini. Watu walilipa basi lile jina la Mbuni, kwa jinsi lilivyokimbia huku likitikisa matako. Lilishuka Lodwar asubuhi na kurudi kesho yake, na karibu kila kitu chetu kilipitia humo: samaki waliokaushwa kutoka ziwani, magunia ya makaa, barua, madawa ya zahanati, wanafunzi wa bweni na masanduku yao, wazee waliokwenda kutafuta kitambulisho na kuambiwa warudi tena.

Kwa nyumba yetu Mbuni alikuwa na maana moja zaidi. Mdogo wangu Ekal alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, unyayo ukitazama pembeni na juu, na kwa muda mrefu tuliambiwa ndivyo Mungu alivyotaka. Kisha daktari mmoja wa Lodwar akamwambia Mama kwamba mguu ule ungeweza kunyooshwa bila kisu, mradi mtoto aletwe kila wiki bila kukosa. Kila wiki alimvua plasta ngumu, akaugeuza mguu kidogo, akafunga plasta nyingine. Mama alimbeba Ekal na vikapu alivyosuka kwa majani ya mkoma, akapanda Mbuni, akalala kwa mama mdogo, mtaa wa Nawoitorong, akauza vikapu, akarudi kesho yake. Kila waliporudi nilikimbilia kutazama vidole vya Ekal vilivyochungulia nje ya plasta, nikalinganisha na wiki iliyopita. Vilikuwa vinageuka. Polepole sana, lakini vilikuwa vinageuka.

Habari kwamba basi litaondolewa ililetwa na kondakta, kijana mcheshi aliyejua Kiturkana cha kutosha kuchekesha akina mama. Alisema wakubwa wake wanalalamikia barabara, majambazi na vyuma vinavyovunjika, na kwamba mwisho wa mwezi ungekuwa mwisho wa safari. Hapo hapo watu waligawanyika katika kukisia. Wengine walisema wenye malori wameinunua kampuni ili watubebe wao juu ya magunia. Wengine walisema kuna mkubwa anayetaka kuleta basi lake. Hakuna aliyeamini kwamba ni barabara tu, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya tangu zamani na basi lilikuwa likipita. Kamati ikaundwa, mwenyekiti akawa Mzee Lokwang, mfanyabiashara wa mbuzi aliyejulikana kwa kusema kidogo na kukumbuka kila kitu. Kamati ikakubaliana iandikwe barua ya Kiingereza kwa kampuni na kwa maofisa, ibandikwe vidole vya watu wote. Aliyeombwa kuandika akawa Mwalimu Barasa.

Mwalimu Barasa alitufundisha Kiingereza na hesabu. Alitoka Bungoma, na siku hizo mtu kama yeye tulisema ametoka Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Mkewe na watoto walibaki kwao. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta ubao mwenyewe badala ya kutuma mwanafunzi, na alisalimia kila mtu njiani kwa kusema “ejok” kwa lafudhi iliyotufanya tucheke. Yeye ndiye aliyesema Mbuni akiondoka tutajuta, na hakuna aliyekuwa akipanda basi lile kwa furaha kuliko yeye siku shule ilipofungwa. Nalisema hili mapema kwa sababu tulilijua wakati ule ule. Tulikuwa tumemwona akipanda.

Mkutano wa pili ndio ulioharibu mambo. Wazee walikubaliana kwamba ikiwa barua haitajibiwa, siku ya mwisho watu wataburuta miiba na kuziba njia pale basi linapovuka mto mkavu wa Tarach, ili lisiweze kwenda zake Kitale. Wakaapa neno hilo lisitoke nje ya mkutano. Siku mbili baadaye Mbuni akaja na askari wawili wameketi kiti cha mbele, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na kondakta akatutania akiuliza miiba iko wapi. Watu hawakumtazama kondakta. Walitazamana wao kwa wao.

Miaka mingi ilipita kabla sijakumbuka kwamba mkutano ule ulifanyika hatua ishirini kutoka kibanda cha chai, na kwamba kondakta alikuwa ameketi kibandani na chapati yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwona kwa macho yangu. Sikufikiri kulisema, na nadhani hata wakubwa walimwona. Lakini tayari kila mtu alikuwa anatafuta msaliti, na msaliti lazima awe amefanya jambo la siri. Wiki ile Lopur ilibadilika. Mama aliacha kuzungumza akinikuta nimesimama na watoto wa jirani. Wanawake waliosukia vikapu chini ya kivuli kimoja walihama wakakaa wawiliwawili. Mtu akienda haja porini, mwingine aliuliza amekwenda wapi. Ata aliniambia nisimpe mtu yeyote maji bila kumuuliza anatoka wapi, na hao walikuwa watu waliozaliwa mbele yake.

Kisha, kama maji yanavyotafuta bonde, wasiwasi wote ukamwendea Mwalimu Barasa. Kila alichokuwa akifanya siku zote kikaanza kuwa na maana ya pili. Alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao na kuongea na simu kwa lugha ya kwao. Sasa watu waliuliza anaongea na nani, na kwa nini anacheka. Alikuwa akifunga mlango akiandika. Sasa waliuliza anaficha nini. Mimi mwenyewe nilianza kumfuata kwa mbali baada ya shule. Alasiri moja nilimwona kondakta akimpa bahasha, naye akaitia mfukoni upesi. Nilikimbia mpaka nyumbani kumwambia Mama, na Mama akamwambia jirani, na kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika kwa Mzee Lokwang. Siku chache baadaye niliona kilichokuwa ndani ya bahasha. Kilikuwa kwenye meza ya Mwalimu, kimeegemezwa kwenye chupa ya wino: picha ya mtoto wa kike wa umri wangu, amevaa sare mpya. Sikurudi kumwambia Mama. Nilijiambia kwamba bahasha yaweza kuwa na vitu viwili.

Ijumaa ya wiki hiyo Mzee Lokwang alikuja nyumbani kwetu na barua ameifunga ndani ya shuka. Alikuwa amemwomba Mwalimu akisema wazee wanataka kuiona kabla haijatumwa, na Mwalimu akampa bila kuuliza lolote. Aliketi kwenye kigoda chake, akamtazama Mama.

“Mtoto huyu anajua Kiingereza?”

“Ni wa pili darasani,” Mama akajibu.

“Basi atuambie mwalimu wake ameandika nini juu ya vidole vyetu.”

Sikuwahi katika maisha yangu kusikilizwa na watu wazima. Ekal alikuwa akigonga chini kwa plasta yake, Mama akamshika mguu ili anyamaze. Nikaanza kusoma kwa sauti, na maneno niliyoyajua nikayatafsiri: Kakuma, Lodwar, wagonjwa, watoto wa shule, tunaomba. Yote yalikwenda vizuri mpaka mistari ya chini. Pale palikuwa na neno saspendi, na mbele yake kidogo neno basi. Kati ya hayo mawili kulikuwa na neno lingine refu ambalo sikulijua. Saspendi nililijua vizuri sana. Muhula uliopita wavulana wawili wa darasa la nane walisaspendiwa kwa kuiba unga wa shule, na tuliwaona wakibeba masanduku yao kutoka langoni huku mwalimu mkuu amesimama nyuma yao.

“Hapa anasema basi lisaspendiwe,” nikasema.

“Maana yake nini?” Mzee Lokwang aliuliza.

“Lifukuzwe. Lirudishwe kwao.”

Mama alishika mdomo. Mzee Lokwang hakushtuka. Alisema, “Soma tena,” na nikasoma tena, na mara ya pili nililiruka lile neno refu kwa haraka zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshasema na sikutaka kusema jingine. Nakumbuka wazi kwamba kitu fulani ndani yangu kilisita. Nakumbuka pia kwamba nilikiambia kinyamaze.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki uwanjani. Mwalimu Barasa alitoka kanisani na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akasalimia, na hakuna aliyeitikia ejok. Mzee Lokwang alinyoosha barua mbele yake, na akaongea Kiswahili, jambo ambalo alilifanya tu akiwa na wageni.

“Mwalimu, hii karatasi iko na nini ndani?”

“Ni ile barua tulikubaliana, Mzee. Ya kuomba basi ibaki.”

“Mtoto amesoma. Amesema umeandika basi ifukuzwe.”

Mwalimu hakuuliza mtoto gani. Macho yake yalinitafuta katikati ya watu mpaka yakanipata, nimesimama nyuma ya gauni la Mama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao akiita mwanafunzi mbele ya ubao.

“Akiru, umesoma mstari wote?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na lile neno refu, ulilisoma?”

Watu wote walinigeukia. Mama aliniwekea mkono begani, na mkono ulikuwa mzito.

“Nililisoma,” nikasema.

Alingoja kidogo, nadhani alitumaini nitasema jambo jingine. Kisha akaanza kueleza kwamba neno saspendi katika barua lina maana ya kusitisha, na lile refu ni kuondoa, kwamba alichoomba ni kusitishwa kwa uamuzi wa kuliondoa basi. Alieleza polepole na kwa usahihi, kama darasani. Lakini katikati ya maelezo mwanamke mmoja alisema kwa Kiturkana, “Sasa anabadilisha,” na mwingine nyuma akasema, “Emoit,” neno ambalo kwetu ni mgeni na adui kwa wakati mmoja. Mwalimu alilijua neno lile. Alikuwa amekaa kwetu miaka minne. Aliacha kueleza.

“Basi tafuteni mtu mwingine mnayemwamini asome,” alisema. “Mpelekeeni padri. Mpelekeeni daktari wa Lodwar. Lakini barua itoke wiki hii, siku zimeisha.”

Aliondoka na kitabu chake cha nyimbo, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji. Alipokwenda, kijana mmoja wa kamati akachukua zile karatasi za vidole kutoka kwa Mzee Lokwang akitaka kuzichana, na hapo ndipo wanawake walipomzuia. Hawakumzuia kwa ajili ya barua. Kila mmoja alitaka kuondoka na kidole chake. Walizunguka zile karatasi wakabishana, wakararua vipande vidogo vyenye alama ya zambarau, wakavifunga kwenye ncha za shuka zao. Ata naye alisogea, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Vidole vyote vilifanana. Mwishowe alirarua kimoja kilichokuwa karibu naye, na mpaka leo sijui kilikuwa cha nani.

Barua haikutoka. Mtu alisema itaandikwa nyingine, lakini hakuna aliyekubali kuiandika, maana kila aliyejua Kiingereza alijua pia kilichompata wa kwanza. Mwisho wa mwezi Mbuni aliondoka bila miiba wala kelele, na Mwalimu Barasa aliondoka ndani yake. Tulisikia ameomba uhamisho. Siku moja kabla, alituletea madaftari ya insha yamesahihishwa. Langu alikuwa amelisahihisha kwa makini kama siku zote, kila kosa limepigiwa mstari mwekundu, na chini akaweka alama niliyostahili. Hakuandika neno jingine. Nilipekua kurasa zote nikitafuta.

Sisemi kwamba barua ingelibakiza basi. Kampuni zimepokea barua nyingi na kuzifanya za kufungia nyama. Lakini najua kilichofuata. Mama alijaribu malori. Mara ya kwanza alifika Lodwar siku hiyo hiyo, ameketi juu ya magunia na Ekal mapajani. Mara ya pili lori lilivunjika, wakakaa njiani siku mbili. Mara ya tatu hakukuwa na lori kabisa, wiki mbili zikapita, kisha tatu, na Ekal akakua ndani ya plasta ile mpaka vidole vikavimba na harufu ikaanza kutoka. Ata ndiye aliyeikata, kwa kisu cha kuchunia mbuzi, Ekal akipiga kelele nami nimemkalia kifuani. Ndani kulikuwa na kidonda. Mguu ulikuwa umeanza kurudi ulikokuwa.

Mama alipompata mtu wa kuwachukua, alikwenda na hakurudi. Daktari alisema wataanza upya, na kwamba safari hii mtoto asitoke Lodwar. Walikaa Nawoitorong kwa mama mdogo karibu mwaka mzima, nami nikabaki Lopur na Ata. Mama alituma salamu kupitia kwa yeyote aliyekuwa akipita, na salamu zilifika zimepunguka. Wakati ule niliamini kwa moyo wote kwamba aliyetutenganisha ni Mwalimu Barasa. Nilimchukia vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kisha kumi na miwili, na chuki ile ilinisaidia kutolia.

Niliijua maana ya lile neno saspendi nikiwa kidato cha kwanza. Walimu wa nchi nzima walikuwa wamegoma, tukakaa bwenini bila masomo, na asubuhi moja mkuu wa shule akatusomea gazeti la Kiingereza gwarideni: mgomo umesaspendiwa. Nilidhani wamefukuzwa wote. Dakika chache baadaye walimu wakaanza kuingia langoni na mikoba yao, wakicheka. Nilimuuliza msichana aliyesimama kando yangu mgomo umefanywa nini, akanitazama kama mjinga. “Umesitishwa,” akasema. Nikatoka kwenye mstari nikaenda kuketi nyuma ya choo, na sikuingia darasani siku hiyo.

Sikumwambia mtu kwa miaka ishirini na zaidi. Siku hizi naishi Lodwar, nafanya kazi ya kutafsiri matangazo ya ofisi kwa Kiswahili na Kiturkana. Lami mpya imefika Kakuma na kupita, magari madogo yanaondoka kila saa, na anayetaka kwenda Eliye Springs kuogelea Jumapili anakwenda na kurudi. Ekal ana duka la vipuri vya pikipiki. Anachechemea kidogo akichoka, na hajui ni kwa nini zaidi ya kwamba alizaliwa hivyo. Mwezi uliopita nilitumwa kwenye mkutano wa hadhara kuwasomea watu tangazo la kuhamisha stendi. Nililisoma neno kwa neno, bila kuruka, mara mbili kwa kila lugha. Nilipomaliza mzee mmoja akaniuliza, “Na wewe, hao waliokutuma wanakulipa ili useme hivyo?” Watu wakapiga makofi, wakimpigia yeye.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama. Sasa anaishi nami, macho yamepungua lakini bado anasuka. Nikamweleza lile neno, mstari, bahasha na picha ya mtoto, yote. Alisuka mpaka nikamaliza.

“Umelibeba hilo miaka yote?” aliuliza.

“Nilisoma vibaya, Mama.”

“Ungesoma vizuri, Lokwang angesema hujui Kiingereza. Angetafuta mtoto mwingine.” Alivuta jani, akalikaza. “Wale askari walipokuja ndani ya basi, tulianza kuogopana. Mimi nilimshuku hata mama mdogo wako kule Lodwar. Lokwang alimshuku ndugu yake. Tungeuana pale, Akiru. Ilibidi msaliti awe mtu ambaye angeweza kuondoka.”

“Na Mwalimu Barasa?”

“Alikuwa mtu mzuri,” Mama alisema. “Hilo tulilijua pia.”

Aliendelea kusuka, nami nikakaa nikitazama mikono yake. Wakati ule katika Kakuma nzima Mwalimu Barasa peke yake ndiye aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda, na basi moja la kumfikisha. Leo mimi naweza kuamka alfajiri na kuwa Bungoma kabla ya giza. Mwalimu mmoja mstaafu amenipa hata jina la kijiji anakokaa Barasa. Nimeulizia magari mara mbili pale stendi, na wakala amenionyesha kiti cha dirishani. Mara zote mbili nimemwambia nitarudi kesho.